Kwa Nini Damu Hubisha Hodi

Zamani, kabla damu haijajua kuulizana jina, kila mwili ulikuwa mji, na malango ya miji yote yalikuwa wazi. Ndani ya kila mji zilikuwamo barabara zilizokwenda mpaka kwenye ncha za vidole na kurudi, na katika barabara hizo walipita wachukuzi wekundu wakibeba pumzi kutoka Mapafuni na kuigawa mtaa kwa mtaa. Wachukuzi hao walizaliwa ndani ya mifupa, penye uboho. Walifanya kazi yao, wakazeeka, wakafa, na wengine wakazaliwa. Mnaotaka kunicheka kwamba damu haina miguu, chekeni, kisha mniambie inafikaje kwenye dole gumba.

Siku hizo mji ukijeruhiwa na wachukuzi wake wakamwagika, jirani aliwatuma wa kwake bila kuulizwa. Waliingia moja kwa moja, wakauliza Mapafu yako wapi, wakaanza kubeba. Kupeana damu kulikuwa kama kupeana chumvi. Hakuna aliyesema "asante" kwa kirefu, kwa sababu kesho na yeye angeishiwa.

Kila mchukuzi alivaa koti lenye nyuzi fupi zilizoning'inia, na nyuzi hizo zilitungwa kwa sukari. Si sukari ya chai, jamani. Ndani ya mwili mna sukari za namna nyingi, na nyingine hata ukizilamba hutajua kama ni sukari. Waliozitunga waliitwa watungaji, na kazi yao ilikuwa na adabu yake. Sukari haikuokotwa chini. Kila punje ilikuja mgongoni mwa mbebaji, naye aliishika mpaka mtungaji anyooshe mkono. Ikishapokelewa, mbebaji alirudi mtupu kutafuta nyingine. Na kila mtungaji alijua jambo moja tu: kushika sukari ya aina moja na kuifunga mahali pamoja. Wa kwanza akimaliza alimwachia wa pili, wa pili akamwachia wa tatu. Ukimsikia mtungaji anajisifu kwamba anaweza yote, ujue ni mwongo, hata akiwa mjomba wako.

Aliyemaliza uzi alikuwa mama mmoja aliyeitwa Bi Mize. Yeye alichukua punje moja iliyopinda na kuifunga ubavuni mwa punje ya mwisho, ikakaa kama kulabu. Hapo uzi ulikuwa umekamilika, na mchukuzi akaruhusiwa kutoka. Miji yote ilijifunza kulabu kutoka kwake, wengine walikuja kutoka mbali na vyakula vyao, wakakaa mpaka mikono ikazoea. Kwa hiyo wachukuzi wa dunia nzima walivaa namna moja. Mlinzi yeyote akiona kulabu aliinua mkono kusalimia, akapisha njia. Bi Mize alipita barabarani akiona kazi yake kwenye kila koti, na alikuwa na maringo kidogo. Tusimlaumu, nani asiyependa kusifiwa?

Basi akatokea mwizi, jina lake Homa. Alikuwa mdogo kuliko mchukuzi, mpole wa kuongea, na alikuwa na subira. Alikaa nje ya mji akitazama makoti ya waliopita, naye akajifunza kutunga. Alitunga uzi, akafunga kulabu mwishoni, akajivika, akaingia. Walinzi walimwona, wakainua mkono kumsalimia. Alikwenda hadi Inini, akala alichokikuta, akazaa watoto, na watoto wake wote wakavaa kulabu. Mji ule ukawaka moto, kisha ukapoa, na haukupata joto tena.

Homa akaenda mji wa pili, na wa tatu. Kwa kuwa alama ilikuwa moja, hakuhitaji kujifunza kitu kipya. Mji wa mzee Makame, mumewe Bi Mize, nao ukaanguka. Bi Mize alipofika kumzika, mlinzi mmoja aliyebaki alimwambia, "Bi Mize, usidhani tulilala. Tulikuwa macho. Tulimsalimia."

Neno hilo lilimkata maini. Alirudi kwake akakaa kizingitini, mikono imelala juu ya mapaja, akalia kwa sauti bila kujali nani anamsikia. Kulabu aliyoifundisha dunia nzima ndiyo iliyomfungulia mwizi mlango wa mumewe. Alitaka kuacha kutunga kabisa, lakini ataacha vipi? Uboho ulikuwa unatoa wachukuzi wapya kila asubuhi, na wote walikuja uchi wakingoja kuvikwa.

Alikuwa na watoto watatu: binti yake mkubwa Mwaka, mwanawe Vuai, na kitinda mimba Pandu. Wote walikuwa wamesoma kazi ya utungaji kwake. Akawaita, akawaambia, "Wanangu, kufanana ndiko kunakotuua. Mimi nitafunga kulabu kama kawaida, maana bila hiyo hakuna kitu kitakachoshika. Lakini juu ya kazi yangu kila mmoja wenu aongeze cha kwake, mahali palepale, kando ya kulabu. Homa akijifunza mlango mmoja, mlango wa pili umshinde."

Mwaka alikuwa wa kwanza. Alinyoosha mkono kwa wabebaji, akapokea punje yenye kishungi kidogo ubavuni, akaifunga kando ya kulabu ya mama yake. Ilikaa vizuri. Vuai alifuata. Mikono yake na ya dada yake ilifanana sana, walitofautiana mahali pachache tu, kwenye vifundo. Lakini kwa pachache hapo mkono wa Vuai haukuweza kushika punje yenye kishungi. Ulishika ile laini, isiyo na kitu ubavuni, nayo akaifunga palepale.

"Mbona umesahau kishungi?" Mwaka akamchokoza.

"Sijasahau. Wewe ndiye hukuifuta yako kabla ya kuifunga," Vuai akajibu, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nyumba ile ikasikia kicheko.

Ikafika zamu ya Pandu. Mikono yake nayo ilikuwa ya ukoo ule ule, lakini alikuwa na kosa alilojifunza nalo. Aliyewahi kusuka ukili anajua. Ukiruka jani moja mwanzoni, hulioni kosa hapo ulipolifanya. Unasuka, unasuka, na kila kinachofuata kinakaa nje ya mahali pake, mpaka mkeka unakukatikia mkononi. Pandu alikuwa ameruka hatua moja, moja tu, karibu na mwanzo wa kazi. Aliponyoosha mkono kwa mbebaji, vidole vilijifunga kabla sukari haijafika. Akajaribu tena, na tena. Wabebaji wakamtazama kwa huruma, wakaondoka na mizigo yao. Uzi aliouachia ulikuwa na kulabu ya mama yake na si kitu kingine.

Bi Mize alikuwa na majonzi, na mtu mwenye majonzi ulimi wake hauna kizuizi. Akasema, "Mkono mtupu haulambwi, Pandu. Wenzako wamejenga ukuta, wewe umeniachia mlango wazi."

 Pandu alikuwa mtu wa utani, lakini siku hiyo utani ulimkimbia. Akaaga dada na kaka, akaenda upande wa milimani kuanzisha mji wake, na kwenye mji huo wachukuzi walitoka na kulabu tupu.

Mwaka naye akaolewa na Kombo, akawa na mji wake ambao kila koti lilikuwa na kishungi. Bi Mize akabaki mji mmoja na Vuai, na wachukuzi wa hapo wakavaa punje laini. Ili walinzi wajue la kufanya, Bi Mize aliwapeleka wakajifunze sokoni. Soko lenyewe lilikuwa Utumboni, pahali panapopita kila aina ya msafiri anayeingia na chakula, na wasafiri hao wadogo walivaa sukari za kila namna. Walinzi wa Mwaka wakaiona huko punje laini kwenye migongo ya wageni, wakaambiwa: hiyo si yetu, mkiiona barabarani kamateni. Walinzi wa Vuai wakaambiwa hivyo hivyo kuhusu kishungi. Walinzi wa Pandu nao walienda, kwa kuwa soko ni la wote. Kwao zote mbili zilikuwa ngeni, wakajifunza kukamata zote mbili.

Homa alikuwa amejifunza kishungi kwenye mji mmoja wa majirani waliomuiga Mwaka. Akakitunga, akajivika, akaja kwenye lango la Vuai akitabasamu. Aliinua mkono asalimiwe. Walinzi walimshika mkono huo huo, na kabla jua halijasogea alikuwa vipande. Miji ikapiga vigelegele. Homa hakuisha, ana watoto wengi mno, lakini hakuna tena siku aliyoiteketeza nchi nzima kwa ufunguo mmoja. Alipoingia huku alikwama kule, na waliosalia wakapata nafasi ya kuzaa na kupanda.

Watu wakaja kutoka kila upande kuomba kufundishwa. Ikawekwa desturi kwamba mji mpya ukizaliwa upewe watungaji wawili wa kumalizia, mmoja kutoka kuumeni na mmoja kutoka kukeni. Bi Mize akaanza tena kupita barabarani akitazama makoti, na moyo wake ukaanza kupoa.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo jambo lilipoharibika.

Mji wa Mwaka ulikuwa unazaa. Mji kuzaa mji mwingine ni kazi kubwa, kuta zinasogezwa, malango yanafunguliwa ambayo hayafunguliwi siku nyingine. Mtoto alikuwa bado njiani pale ukuta mmoja ulipopasuka, na wachukuzi wa Mwaka wakaanza kumwagika nje kama maji ya mtungi uliovunjika. Mitaa ikakosa pumzi. Mbiu ikapigwa, ikafika kwa Bi Mize akiwa kazini: Mwaka anakwisha.

Bi Mize hakufikiri. Nani angefikiri? Alifanya kile ambacho mama yake na bibi yake walifanya wakisikia mbiu ya namna hiyo. Alikusanya wachukuzi wa mji wake, wengi, wenye nguvu, wale waliotoka kuvikwa siku hizo hizo. Akawaambia, "Kimbieni, msisimame langoni, ingieni tu." Nao wakakimbia. Wakaingia mji wa Mwaka bila salamu, kama walivyozoea wazee wao, kila mmoja na punje laini juu ya koti.

Walinzi wa Mwaka waliwaona, nao hawakuwa wamesahau somo la sokoni. Wakawarukia. Mlinzi mmoja alishika wachukuzi wawili wawili, mkono huu na mkono huu, na mwenzake akashika wengine, mpaka wageni wakafungamana mafungu mafungu. Mafungu hayo yakaziba vichochoro. Wengine wakapasuliwa pale pale, na mabaki yao yakasukumwa mpaka kwenye Figo, ambako maji ya mji huchujwa. Maji yakatoka meusi kama kahawa. Mji uliokuwa umepungukiwa damu sasa ukawa na vita ndani yake, na mtoto bado hajatoka.

Tarishi akatumwa kutoka kwa Mwaka. Alikuwa na maneno machache, kwa kuwa aliyemtuma hakuwa na pumzi ya kusema mengi. "Mama," alisema tarishi, "Mwaka anauliza, umenitumia nini?"

Bi Mize aliketi chini. Halafu akasimama, akawaita waliobaki njiani warudi, akaenda mwenyewe, kwa miguu yake, mpaka lango la binti yake. Aliyemkuta pale ni mkuu wa walinzi, mzee Ussi, amechoka, nguo zimechanika.

"Ussi, hao walikuwa wangu! Hukuona? Walikuja kumwokoa!"

"Niliona, Bi Mize," Ussi akasema. "Niliona punje laini. Si wewe uliyetupeleka sokoni? Si wewe uliyesema tukiiona tusiulize? Mimi nimefanya kazi yangu, na roho inaniuma kama wewe."

 Bi Mize alijiona amejenga ukuta wa kumzuia mwizi, na ukuta huo huo sasa umemzuia mama asimfikie mwanawe. Akawaza kuwavua wachukuzi wake zile punje, lakini zilifungwa zikafungika, ukizing'oa unachana koti. Akawaza kutunga wapya, lakini wapya hutoka ubohoni polepole, na Mwaka hakuwa na muda huo. Akawaza majirani waliomuiga Mwaka, lakini Homa alikuwa amewapunguza, hawakuwa na wachukuzi wa kutoa. Akamtazama mchukuzi mmoja wa Mwaka aliyepita amejikokota. Koti lake lilikuwa na kishungi. Na kando ya kishungi, pale pale anapopajua, kulabu yake.

Akamshika Ussi mkono. "Ussi, hii kulabu. Mlinzi wako anaijua?"

"Atakosaje kuijua? Iko kwenye kila koti la mji huu. Angeikamata hiyo angetukamata sote."

"Na kwa Vuai?"

"Hata kwa Vuai. Chini ya kila punje kuna kulabu yako, Bi Mize. Tatizo letu ni kilichoongezwa."

Ndipo akamkumbuka ambaye hakuongeza kitu.

Njia ya milimani ni ndefu, na ni ndefu zaidi kwa mtu anayekwenda kuomba mahali alipotukana. Bi Mize aliipanda bila kupumzika. Alifikiri maneno ya kusema, akayatupa, akafikiri mengine. Alipofika, Pandu alikuwa amesimama mlangoni kwake, na watungaji aliowafundisha walikuwa wamejaa uani. Alikuwa ameufundisha ule utungaji wake wenye kosa, na watu waliokuja walikuwa wengi kuliko wa Mwaka na wa Vuai, kwa kuwa Pandu alikuwa mcheshi na chakula chake hakikuwa na masimango.

Mama yake akasema, "Pandu, mwanangu, sikuja kujitetea. Dada yako anakufa. Damu yangu na ya Vuai imemdhuru, na ni mimi niliyeweka hivyo. Yako pekee ndiyo haina cha kukamatwa nacho. Ukikataa sitakulaumu, lakini nakuomba."

Pandu alimtazama miguu iliyojaa vumbi. "Mama nawe," akasema, "umepanda mlima mzima bila hata maji. Ingia unywe, mimi naita wachukuzi." Akainua sauti, na wachukuzi wenye kulabu tupu wakaanza kutoka, wakashuka, njia nzima ikawa nyekundu.

Walikuwa wakikimbia. Bi Mize akawapita, akasimama mbele yao karibu na lango la Mwaka, akapanua mikono. "Simameni!"

"Mama, dada anakufa," Pandu akasema, na sasa hakuwa na mzaha.

"Najua anakufa. Asubuhi nilimtumia watu wakiwa mbio, ndiyo maana anakufa. Safari hii atatangulia mmoja. Atasimama pale. Atabisha hodi, asubiri ajibiwe. Akikamatwa, atakuwa amekamatwa mmoja."

Hakuna aliyewahi kuona damu ikibisha hodi. Walioshuka mlimani walinung'unika. Mchukuzi mmoja akasogea mbele, akasimama kizingitini, akasema hodi, akanyamaza. Mzee Ussi akatoka na mmoja wa wachukuzi wa Mwaka, akawaweka kando kwa kando, akamwita mlinzi wake mkali kuliko wote. Mlinzi akaushika uzi wa mgeni. Akaupitisha vidoleni punje baada ya punje, akafika kwenye kulabu, akaijua. Akatafuta kilichofuata. Akapapasa tena. Bi Mize alikuwa ameshika ukingo wa lango.

"Huyu hana cha kumshikia," mlinzi akasema, akakuna kichwa. "Karibu."

Mgeni akaingia, akasimama na mwenzake, na wote wawili wakatulia, hakuna aliyefungamana na mwenzake. Ussi akasubiri kidogo zaidi, kwa sababu alikuwa mtu mzima na alikuwa amekosea siku hiyo hiyo. Kisha akafungua lango lote.

Waliingia wachukuzi wa Pandu kwa adabu, kila mmoja akisema hodi hata baada ya kuambiwa inatosha. Wakauliza Mapafu yako wapi, wakabeba pumzi, wakaigawa mtaa kwa mtaa. Vichochoro vikazibuka kimoja kimoja. Maji ya Figo yakawa ya kahawia, kisha ya njano, kisha yakawa maji. Rangi ikarudi kwenye midomo ya mji. Na mji mdogo ukatoka, ukapiga ukelele uliosikika mpaka sokoni Utumboni, ukelele wa hasira hasa, na kila aliyeusikia akacheka kwa furaha.

Bi Mize akampakata mjukuu. Msiniulize mji unapakatwaje. Alipotazama koti la mchukuzi wa kwanza wa mtoto huyo, alikuta kulabu, na kwenye uzi mmoja kando yake kishungi cha Mwaka, na kwenye uzi mwingine punje laini, maana Kombo, baba wa mtoto, alikuwa wa watu waliojifunza kwa Vuai. Mtungaji wa kukeni na mtungaji wa kuumeni walikuwa wanafanya kazi benchi moja bila ugomvi. Walinzi wa mtoto walilelewa wakiziona zote mbili nyumbani. Walipopelekwa sokoni hawakuona ngeni kati ya zile mbili, na mgeni yeyote aliyekuja na kishungi au na ulaini walimkaribisha.

Jioni, watu walipotulia, Bi Mize alimwuliza Pandu jambo lililokuwa linamsumbua. "Wewe unaweza kumpa kila mtu. Siku wewe utakapopungukiwa? Walinzi wako wanakamata cha Mwaka na wanakamata cha Vuai. Hata mimi mama yako siwezi kukupa."

"Atanipa aliye kama mimi," Pandu akasema. "Wapo wengi, mama. Umewaona pale uani."

"Na wakiwa mbali?"

"Watashuka mlima. Si tumeshuka leo?"

Bi Mize akacheka, kisha akalia, kisha akamwomba radhi kwa lile neno. Pandu akasema hakumbuki neno lolote, na huo ulikuwa uongo mzuri. Bi Mize hakumwambia arekebishe mkono wake. Aliwaita watungaji wote wa nchi, akawaambia kila mmoja aendelee kama alivyojaliwa: wa kishungi wafunge kishungi, wa laini wafunge laini, na wa mkono mtupu waache kulabu kama alivyoiacha yeye. Tofauti zikae, kwa sababu Homa bado yuko nje. Ila kuanzia hapo hakuna damu itakayoingia mji wa watu kwa mbio, hata kama anayengoja ni mwana na anayepeleka ni mama.

Na tangu siku hiyo, damu za watu hazifanani na damu hubisha hodi. Watungaji wako ndani yetu hata sasa hivi ninapowasimulia, wanapokea sukari kutoka kwa wabebaji na kuifunga punje kwa punje juu ya wachukuzi wanaotoka mifupani. Kila mtoto hupewa wawili wa kumalizia, mmoja wa baba na mmoja wa mama, ndiyo maana ndugu wa tumbo moja wanaweza kuvaa mbalimbali, na wala hakuna haja ya mtu kumtazama mkewe kwa jicho baya. Watu wa hospitali wamezipa alama hizo herufi. Wa Mwaka wanawaita A, wa Vuai wanawaita B, wenye zote mbili kama yule mjukuu wanawaita AB, na watu wa Pandu wanawaita O. Wamekuja kujua na alama nyingine zaidi ya hizi, kwa hiyo hodi haifupishwi.

Mtu akiletwa anavuja damu, hata ndugu zake wakipiga kelele mlangoni, yule mwenye koti jeupe hakimbii na mfuko. Kwanza huchukua damu kidogo ya anayetoa, akaikutanisha na ya anayepokea, akainama, akatazama. Zikifungamana, anarudisha mfuko na kutafuta mwingine. Zikitulia, lango linafunguliwa. Na mama aliyelala pale, asiyemjua aliyempa wala mlima alikotoka, hufumbua macho asubuhi na kuuliza kama kuna uji.